Paka wa kisukari asiyesikia insulini: soma dalili, tafuta chanzo, ndipo uchague tiba

Malalamiko huwa yale yale. Paka ana miaka kumi na kitu, kisukari kiligunduliwa mwaka jana, anachomwa insulini asubuhi na jioni, dozi imeshapandishwa mara kadhaa, na bado anamaliza bakuli la maji na kuulowesha mchanga wa choo chake chapachapa. Mwenye paka anaanza kujilaumu kwamba hajui kuchoma, au anailaumu insulini kuwa ni feki. Mara nyingine kweli tatizo liko hapo. Lakini wapo paka wengi ambao kisukari chao kimezaliwa na ugonjwa mwingine: kuna homoni mwilini inayoizuia insulini kufanya kazi, na kupandisha dozi bila kuijua ni kuteka maji kwa pakacha.

Nimepanga maelezo haya kwa dalili. Chini ya kila dalili, sababu zinaanza na ile inayotokea sana na kuishia na ya nadra. Fuata mpangilio huo huo unapochunguza, kwa sababu vipimo vya bure viko juu na vya kutoboa mfuko viko chini.

Kwanza, haya hayasubiri

Paka anayumba kama mlevi, anatetemeka, analia ovyo, amelegea au ameingia degedege: sukari imeshuka mno. Kama bado anaweza kula, mpe chakula chake palepale. Kama hali, chukua asali au maji mazito ya glukosi na uyasugue kidogo kidogo kwenye fizi za pembeni. Usimmiminie kinywani, na akiwa kwenye degedege usitie kidole kati ya meno. Kisha mpeleke kwa daktari wa wanyama hata kama amezinduka na kuanza kujiramba, maana insulini uliyomchoma bado inafanya kazi na anaweza kuanguka tena baada ya saa moja. Dozi inayofuata usiichome mpaka uongee na daktari.

Paka hataki kula, anatapika, amejikunyata tu, na pumzi yake ni nzito au inanuka kama matunda yaliyoiva kupita kiasi: huenda damu imejaa ketoni, yaani tindikali ambazo mwili hutengeneza ukichoma mafuta badala ya sukari. Vijiti vya kupima ketoni kwenye mkojo vinauzwa maduka ya dawa za binadamu na vinafaa kwa paka pia. Kijiti kikibadilika rangi naye anaumwa, ni hospitali siku hiyo hiyo. Hakuna tiba ya nyumbani hapa.

Na kanuni moja ya kila siku: paka aliyekataa chakula asichomwe dozi kamili eti kwa sababu saa imefika. Piga simu kwanza.

Dalili: sukari iko juu kila ukipima, ingawa hujakosa hata sindano moja

Anza na bomba la sindano. Insulini huja kwa nguvu mbili: yuniti 40 kwa mililita, kama Caninsulin na ProZinc, na yuniti 100 kwa mililita, kama glargine. Kila moja ina bomba lake. Kwa kawaida bomba la 40 lina kofia nyekundu na la 100 lina kofia ya rangi ya chungwa, lakini soma maandishi ubavuni, usiamini rangi peke yake. Ukivuta insulini ya 40 kwa bomba la 100, mstari unaouita yuniti 2 unampa paka 0.8 tu. Ndiyo maana sukari haishuki. Ukigeuza, yaani insulini ya 100 kwa bomba la 40, mstari huo huo unampa yuniti 5, na hilo linaweza kumuua. Duka la dawa likikwambia "haya yote ni mabomba ya insulini", usikubali.

Pili, insulini yenyewe. Iliyoganda haifai tena, hata ikiyeyuka na kuonekana safi. Kwenye friji ndogo, chupa iliyoegemea sehemu ya barafu huganda bila mtu kujua. Joto nalo huiharibu. Kwa wakazi wa Pwani ambao umeme unakatika mchana kutwa, chupa ikae ndani ya friji mbali na sehemu ya barafu, si mlangoni. Caninsulin hutikiswa mpaka iwe nyeupe sawasawa kama maziwa. ProZinc huviringishwa taratibu viganjani. Glargine haitikiswi kabisa, na ikionekana na ukungu itupe.

Tatu, mkono. Paka wenye manyoya marefu huchomwa manyoya. Baada ya sindano, pitisha kidole pale ulipochoma: ukikuta ubichi wenye harufu ya dawa, insulini imeishia nje. Usiongeze nyingine kufidia, kwa kuwa hujui ni kiasi gani kiliingia. Subiri dozi ijayo. Vilevile hamisha mahali pa kuchoma, leo ubavu huu, kesho ule.

Nne, chakula. Ugali na dagaa, wali na supu ya samaki, na vile vidonge vikavu vya dukani vina wanga mwingi kuliko mwili wa paka unavyohitaji. Nyama, samaki asiye na chumvi, au chakula cha kopo chenye protini nyingi hupunguza sukari waziwazi kwa paka wengi. Ila usibadilishe chakula ghafla huku dozi ni ile ile. Wengine hushuka kwa kishindo.

Tano, kipimo kinadanganya. Paka aliyebebwa kwenye kikapu, akabwekewa na mbwa, akashikwa na mgeni, sukari hupaa kwa hofu tu. Hata asiye na kisukari anaweza kuvuka 15 (milimoli kwa lita). Kwa hiyo namba moja ya kliniki isikupandishie dozi. Pima nyumbani, tone la damu kutoka ukingo wa sikio, kila baada ya saa mbili kwa siku nzima, uandike. Glukometa, yaani mashine ya kupimia sukari, ya binadamu mara nyingi husoma chini ya sukari halisi ya paka, basi tumia mashine ile ile siku zote ili ufananishe kitu na kitu.

Yote hayo yakiwa sawa, daktari aangalie meno, apime mkojo kwa kuotesha vijidudu, na aulize kuhusu kongosho na figo. Jino bovu peke yake linaweza kumfanya paka asisikie insulini. Na umwambie kila dawa aliyowahi kupewa mwaka huo. Sindano ya steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe na kuwashwa) ya muda mrefu kwa ajili ya kujikuna au pumu, matone ya macho yenye steroidi, sindano au vidonge vya kumzuia jike asishike mimba: zote hupandisha sukari, na wenye paka husahau kuzitaja kwa sababu hawazioni kama "dawa za kisukari". Steroidi isikatwe kwa siku moja lakini. Daktari huishusha kidogo kidogo.

Dalili: dozi inapanda, sukari haishuki, na paka ananenepa

Hapa ndipo penye siri. Paka ambaye kisukari chake hakijadhibitiwa anatakiwa kukonda. Akiongezeka uzito huku sukari iko juu, akawa na njaa ya kukuvamia mezani, acha kufikiria insulini na uanze kufikiria ubongo wake.

Sababu ya kwanza, kabla ya kuogopa, ni ya kawaida: analishwa sana. Kuna mtoto nyumbani anayempa mabaki, au jirani. Hakikisha.

Ya pili ni akromegalia. Uvimbe mdogo, kwa kawaida usio saratani ya kusambaa, huota kwenye tezi ya pituitari chini ya ubongo na kumwaga homoni ya ukuaji bila kipimo. Homoni hiyo huifunga insulini mikono, na pia hukuza mwili upya. Watu huuita ugonjwa wa nadra. Si nadra hivyo kwa paka wa kisukari: mwaka 2015 watafiti wa Royal Veterinary College, London, walichapisha matokeo ya paka 1,221 wenye kisukari nchini Uingereza, na 26.1% walikuwa na kiwango cha IGF-1, kemikali ya damu ambayo ini hutengeneza likichochewa na homoni ya ukuaji, kinachoashiria ugonjwa huu. Uswisi na Uholanzi walipata chini kidogo, takriban 18 katika kila 100. Jambo la kushtua zaidi katika matokeo ya Uingereza ni kwamba wengi wa paka hao hawakuwa wameshukiwa sana na madaktari wao. Walionekana kama paka wa kisukari wa kawaida, wakubwa wakubwa.

Angalia mwenyewe kabla ya kulipia chochote. Tafuta picha yake ya miaka miwili au mitatu nyuma, iliyopigwa usoni, uiweke kando ya uso wake leo. Je, uso umekuwa mpana, pua nene? Fungua midomo yake taratibu: taya la chini limetangulia mbele, meno yameachana, kuna nafasi ambayo haikuwapo? Nyayo zimekuwa kubwa? Amekuwa akikoroma akilala, au anatoa mlio wa kuziba koo akiwa macho? Mkanda wa shingo umebadilishwa tundu? Dalili hizi huja polepole mno hata anayelala naye kitanda kimoja hazioni. Na wapo wasio na hata moja kati ya hizo, kwa hiyo uso wa kawaida haumwondolei paka shaka.

Namba ya kukumbuka: akihitaji zaidi ya yuniti 1.5 hadi 2 kwa kila kilo ya uzito kwa sindano moja na bado sukari iko juu, mwombe daktari kipimo cha damu cha IGF-1. Ni mirija michache ya damu. Kama maabara ya karibu haipimi, sampuli hutumwa nje ya nchi. Zaidi ya nanogramu 1,000 kwa mililita, kwa paka mwenye kisukari, ni ushahidi mzito. Lakini usikimbilie kukipima wiki ambayo kisukari kimegunduliwa: ini huhitaji insulini ili litengeneze IGF-1, na paka ambaye hajaanza tiba anaweza kutoa jibu la chini la uongo. Wiki 6 hadi 8 za insulini kwanza. Jibu likiwa juu, picha ya CT au MRI ya kichwa ndiyo huonyesha uvimbe na ukubwa wake, na moyo uchunguzwe kwa ultrasound kabla ya dawa yoyote ya usingizi, maana homoni hiyo hiyo hunenepesha misuli ya moyo.

Simama hapo na umwachie mtaalamu ikiwa paka ameanza kugongana na kuta, kuzunguka duara, kusukuma kichwa ukutani au kupumua kwa shida. Uvimbe umekua au moyo umechoka.

Dalili: anakula sana, anakonda, manyoya yamechakaa

Mara nyingi hiki ni kisukari tu ambacho hakijakaa sawa. Rudi dalili ya kwanza. Kinachofuata kwa paka mzee ni tezi ya thairoidi, ile ya shingoni, kufanya kazi kupita kiasi. Dalili zake na za kisukari hufanana kama mapacha: kiu, njaa, kukonda. Kinachotofautisha ni moyo kwenda mbio, kutotulia, kupiga kelele usiku, na pengine kivimbe shingoni ambacho daktari hukigusa. Kipimo ni T4, homoni ya thairoidi, kwenye damu. Tahadhari moja: thairoidi iliyopanda huishusha kwa uongo fruktosamini, kile kipimo cha wastani wa sukari wa wiki moja au mbili zilizopita, hivyo karatasi inaweza kusema kisukari kimedhibitiwa wakati paka anaisha.

Tiba zipo kadhaa: vidonge vya methimazoli au kabimazoli kila siku, upasuaji, iodini yenye mionzi pale ilipo hospitali inayoruhusiwa kuitumia, au chakula chenye iodini kidogo ambacho lazima ale hicho tu maisha yake yote. Kwa paka wa kisukari napenda aanze na vidonge, kwa sababu athari yake huisha ukiviacha. Thairoidi ikitulia mambo mawili hubadilika haraka: hitaji la insulini hushuka, na figo zilizokuwa zikifichwa na mzunguko wa kasi wa damu zinaweza kujitokeza kuwa mbovu. Wiki za mwanzo pima sukari kila siku.

Dalili: ngozi inachanika kama karatasi, tumbo limening'inia

Kwanza ni steroidi alizopewa, rejea juu. Bila steroidi, ni ugonjwa wa Cushing, na huu kweli ni wa nadra kwa paka: homoni ya kotisoli huzidi kwa sababu ya uvimbe kwenye pituitari au kwenye tezi zilizo juu ya figo. Wengi wa paka hawa, takriban wanne kati ya watano, huja na kisukari. Manyoya hunyonyoka, ngozi huwa nyembamba, na kumshika ukosi kama mama yake alivyombeba kunaweza kuichana kipande kizima. Kwa hiyo usimshike ukosi, na usimbandike kitambuzi cha sukari kama FreeStyle Libre bila daktari kuiona ngozi: gundi yake ikibanduliwa inaweza kutoka na ngozi.

Kipimo ni cha deksamethazoni, steroidi inayodungwa ili kuona kama kotisoli itashuka, na kwa paka dozi yake ni miligramu 0.1 kwa kilo, si ile ndogo ya mbwa. Mkumbushe daktari ambaye kazi yake kubwa ni ng'ombe na mbwa, hatachukia. Tiba ni dawa ya kunywa iitwayo trilostani, au kuitoa tezi iliyougua. Jeraha la ngozi likitokea usilifunge nyumbani kwa plasta.

Dalili: leo 25, kesho 4

Mara nyingi ni uchomaji usio na saa, chakula kinachobadilika, au watu wawili wanaochoma kila mmoja kwa macho yake. Andikeni daftari moja, likae juu ya friji. Lakini kwa paka wa akromegalia uvimbe wenyewe hautoi homoni kwa mpigo mmoja. Kuna siku unamwaga sana na siku unapumzika. Dozi kubwa iliyokuwa haitoshi Jumatatu inamlaza Alhamisi. Kwa huyu, nyumba lazima iwe na glukometa na asali siku zote.

Jibu limetoka: ni akromegalia. Sasa?

Tiba inayogusa mzizi ni upasuaji wa kuitoa pituitari kupitia kaakaa la kinywa. Unafanywa na vituo vichache duniani, vikiwamo Royal Veterinary College na Chuo Kikuu cha Utrecht. Mwaka 2021 kituo cha London kilitoa matokeo ya paka 68: 58 walikuwa hai wiki nne baada ya upasuaji, na kati ya hao 41 waliacha insulini kabisa. Maana yake pia ni kwamba 10 walikufa ndani ya wiki hizo nne. Anayebaki hunywa homoni ya thairoidi na kotisoni maisha yake yote, na mwanzoni huwekewa matone ya desmopresini, homoni ya kuzuia mkojo mwingi. Gharama ni maelfu ya pauni. Kwa Mswahili anayeishi Uingereza au Uholanzi mwenye bima ya mnyama, paka wake hajazeeka sana na moyo wake ni mzuri, ningeuliza hili kwanza kabla ya yote.

Mionzi ya kulenga uvimbe hutolewa kwa vipindi vichache, kila kimoja chini ya dawa ya usingizi. Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado, Marekani, kilichapisha mwaka 2018 habari za paka 53: nusu yao waliishi zaidi ya siku 1,072, karibu wote ambao dozi zao zilifuatiliwa walipunguziwa insulini, na 13 kati ya 41 waliiacha. Faida huja polepole, na IGF-1 mara nyingi hubaki juu, yaani kisukari kinatulia ilhali uso na moyo vinaendelea kukua. Uvimbe ukiwa mkubwa na unaukandamiza ubongo, na upasuaji hauwezekani, mionzi ndiyo njia.

Dawa zipo, ila zisikufanye uote. Kabegolini ni ya kunywa na bei yake ni nafuu kuliko nyingine; Argentina paka kadhaa walinufaika, Uingereza kundi dogo halikunufaika. Ukiijaribu, kubaliana na daktari tangu mwanzo tarehe ya kupima tena na namba itakayowafanya muiache. Pasireotidi, sindano ya mara moja kwa mwezi, imewatoa wachache kwenye insulini, lakini kuharisha ni kawaida na bei inatisha.

Kisha dawa mpya za kunywa za kisukari, Bexacat iliyoidhinishwa Marekani Desemba 2022 na Senvelgo mwaka 2023. Zinamvutia kila aliyechoka na sindano. Hufanya figo zitoe sukari kwenye mkojo, uvimbe haziugusi. Hatari yake ni ketoni kujaa damuni wakati glukometa inasoma vizuri kabisa, na hatari hiyo ni kubwa zaidi kwa paka aliyekwisha kuzoea insulini. Usimtoe paka kwenye insulini na kumwingiza kwenye hizi kwa uamuzi wako. Na vidonge vya kisukari vya babu, mlonge na mdalasini viache hapo hapo vilipo.

Inabaki njia ambayo wengi wetu Afrika Mashariki ndiyo tutakayoifuata: insulini kubwa, mara mbili kwa siku, na kipimo cha nyumbani. Dozi ya yuniti 15 kwa mara moja si ajabu kwa paka huyu, na si lazima sukari iwe nzuri kama ya kitabuni. Lengo ni anywe maji kiasi, asikonde, asianguke. Daktari apande nayo polepole, aangalie moyo, presha na figo kila miezi michache. Njaa yake haitaisha, kwani ni ya homoni. Gawanya chakula mara nne au tano badala ya kukiongeza. Visigino vya nyuma vikianza kulala chini anapotembea, neva zimeathirika na sukari iko juu kuliko inavyofaa.

Siku asipotaka tena kuinuka hata kwa samaki, akihema huku amekaa, au akipata degedege lisilo la sukari, mwambie daktari mzungumze waziwazi kuhusu kumpumzisha.

Ukichagua upasuaji, jua kwamba hitaji la insulini linaweza kuporomoka haraka. Katika wale 41 wa London, nusu walikuwa wameshaacha kuchomwa ndani ya siku 9. Wiki hizo pima kabla ya kila sindano bila kukosa, na kama namba iko chini ya ile aliyokuandikia daktari, bomba libaki na kofia yake.